Maman Mapasa wa Safu ya Samaki

Asubuhi orodha ya meza ilipobandikwa kwenye mlango wa soko jipya, mama yangu hakuwemo. Alinipigia simu akiwa amesimama palepale mlangoni, na nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake wakitangaziana nambari zao kwa vigelegele.

"Meza yangu iko wapi?" Hakunisalimia.

Nikamwambia atazame tena, safu ya samaki, chini kidogo. Akasema ametazama, na wenzake wamemtazamia pia.

"Kuko Maman Mapasa moja tu, na si mie. Ni ule wa Bukavu. Sasa alor, mie niko nani?"

Ubaya ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nashika programu iliyochapa ile orodha. Mimi na rafiki yangu, ofisi moja, meza moja, kompyuta mbili. Meza za soko zingekabidhiwa Jumamosi. Baada ya hapo asiye na meza angengoja mpaka mwenye meza ahame au afe, na kuuza kando ya barabara kumekatazwa. Mama yangu anauza sambaza wakavu, vile visamaki vya ziwa Kivu, tangu kabla sijazaliwa. Hajui kazi nyingine, na ukimshauri aijue anakutazama mpaka unaomba radhi.

Lazima nieleze hilo jina, maana bila hilo hakuna kisa. Mapacha kwetu tunawaita mapasa. Mwanamke akizaa mapasa, jina lake la zamani linakufa siku hiyohiyo. Mume, jirani, mteja, hata mwenye hasira naye, wote wanamwita Maman Mapasa, na ukimwita vinginevyo umemtukana. Jina hilo haliondoki. Mtoto mmoja akifa, haliondoki. Mama yangu alizaa wasichana wawili, mimi na mwenzangu. Surua ilimchukua mwenzangu tulipokuwa tunajifunza kusimama kwa kushika ukuta, na baba naye hakukawia kumfuata. Nilibaki mimi peke yangu, lakini mama alibaki Maman Mapasa. Kumwita kwa jina lake la usichana ni kumwambia kwamba alizaa mmoja.

Na si jina tu. Vitu vya mapasa huenda kwa jozi. Mama alininunulia kila gauni mara mbili, la pili akampa mtoto wa jirani. Alipakua chakula kwenye sahani mbili za bati zenye ua jekundu, moja yangu, moja ya mwenzangu. Hiyo ya pili haikurudi chunguni hata siku moja, kwa sababu ilipata mlaji.

Mlaji alikuwa huyo mtoto wa jirani, ambaye ndiye rafiki yangu wa ofisini. Mama yake alikuwa akivuka daraja kwenda Bukavu na nyanya alfajiri, akirudi jioni miguu imevimba, na binti akawa anashinda kwetu. Wao ni Wakristo, sisi Waislamu, na kwetu Kamembe, mji wa Rwanda unaotazamana na Bukavu ya Kongo, hakuna aliyeona ajabu. Mwezi wa Ramadhani mama alifunga, lakini saa sita mchana alikaa kwenye moshi wa makaa akipika bugali wa yule mtoto, akampakulia kwenye sahani ya ua jekundu, akamtazama akila. "Mapasa yangu, kula," alimwambia. Tukaenda shule pamoja tukiwa na magauni yanayofanana, na walimu wapya walituuliza nani alitangulia kuzaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa anajibu. Alisema, "Mie."

Sasa niseme kuhusu kazi. Chama chetu ni cha akina mama wanaovusha bidhaa kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza, wa upande huu na wa upande ule, nacho ndicho kinachogawa meza za soko jipya. Ofisi iko juu ya duka la misumari na mabati. Programu ya chama iliandikwa kwa Perl, lugha ya zamani ya kompyuta, na mwalimu aliyetufundisha sote wawili, akahama, akatuachia programu kama mtu anavyokuachia mbuzi: hamchukui nyumbani kwake kupya na hakuambii anakula nini. Vijana waliosoma majuzi wakisikia Perl wanacheka. Wacheke. Ilikuwa inafanya kazi, na kinachofanya kazi hakiguswi.

Moyo wa programu hiyo ni kitu kinachoitwa hashi. Kwa asiyeijua, ni kabati la visanduku, na kila kisanduku kina jina lake mbele. Ndani ya kisanduku unaweza kutia kabati jingine lenye visanduku vyake. Kabati letu la nje lilikuwa na majina ya safu za soko: maharagwe, mboga, vitenge, samaki. Ndani ya kila safu kulikuwa na majina ya akina mama, na ndani ya jina la kila mama, simu yake, bidhaa zake, meza yake. Programu inaiuliza hifadhidata swali, inapokea majibu mstari kwa mstari, inajaza kabati. Ikimaliza inazunguka kabati lote na kugawa meza. Aliye kabatini anapata. Asiyemo hayupo duniani.

Jina la kisanduku ndilo ufunguo wake. Mwalimu alitaka ufunguo uwe nambari ya uanachama, na akina mama wakakataa kabisa. Orodha za chama husomwa kwa sauti mbele ya watu, na mwenyekiti wa komite, mama mwenye kifua na sauti, alisema hatasimamishwa kuitwa nambari kama mfungwa. Jina la usichana je? Hilo ndilo lililowasha moto. Basi ikaandikwa kila mmoja kwa jina lake la heshima, jinsi anavyoitwa mtaani. Maman Mapasa walikuwepo kadhaa, lakini mmoja alikuwa kwenye vitenge, mwingine kwenye mboga, mwingine kwenye maharagwe, na mama yangu kwenye samaki. Kila mmoja kabati lake. Hawakuwahi kukutana.

Nilipofika ofisini asubuhi ile, rafiki yangu alikuwa ameshafika, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili, kwa sababu tangu aolewe Bukavu yeye hufika wa mwisho. Foleni ya mpaka haina huruma. Alikuwa ameninunulia chai na mandazi mawili.

"Pole, mapasa," akaniambia. "Nimesikia ile ya Maman. Itakuwa ni base tu. Muntu alimufuta mu base."

Nikafungua hifadhidata. Mama yangu alikuwemo, safu ya samaki, simu yake, kila kitu. Yule Maman Mapasa mwingine alikuwemo pia, safu ya samaki. Nikamwambia. Akaja kusimama nyuma yangu, mkono begani kwangu.

"Pengine ni nafasi," akasema. "Kuko nafasi mbele ya jina, haionekani na macho."

Nikatafuta nafasi isiyoonekana. Hakuna. Akasema pengine ni herufi za Kifaransa zenye vijialama juu, maana ziliwahi kututesa. Nikazitafuta. Jina lenyewe halina hata herufi moja yenye alama, na nilikuwa nimelisoma maisha yangu yote, lakini nilitafuta kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Akasema pengine ni kompyuta, niizime niiwashe. Nikaizima, nikaiwasha. Nikikumbuka sasa jinsi nilivyokuwa namtii, nasikia joto masikioni. Nilikuwa mwanamke mzima ninayetumwa kutafuta chumvi sokoni ili mtu apate nafasi ya kula nyama.

Mchana nilishuka kwenda sokoni. Mama alikuwa ameketi nje ya geti juu ya ndoo, beseni la sambaza magotini, limefunikwa kwa plastiki kwa sababu ya manyunyu. Hakuwa anauza. Alikuwa amekaa ili aonekane. Wanawake waliopita walimsalimia kwa ile sauti ya msibani, na wawili walipofika mbele kidogo nilisikia wanachosema: binti yake ndiye anashika mashine, na mashine imemtupa mama yake. Nilimwendea mwenyekiti wa komite. Alikuwa anakagua makufuli.

"Masini imesema," akanijibu. "Mie nitasema nini juu ya masini? Wewe njo unaijua. Kama umekosea, kosoa. Jumamosi tunatoa funguo."

Nilirudi kwa mama nikamwambia nitapata kosa. Aliondoa tone la mvua kwenye plastiki kwa kidole.

"Nilizala wawili," akasema. "Moja Mungu alimukamata. Ule alibakia, amenifuta."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu.

Rafiki yangu aliondoka mapema siku hiyo ili awahi mpaka. Nilipobaki peke yangu nilifanya nilichopaswa kufanya tangu asubuhi badala ya kusikiliza mashauri. Perl ina kitu kinaitwa Dumper, nacho kinamwaga kabati lote kwenye skrini, kisanduku ndani ya kisanduku, bila aibu. Nikamwaga. Safu ya samaki ilikuwa na kisanduku kimoja tu chenye jina la Maman Mapasa, na ndani yake simu ya Bukavu.

Basi nikaiambia programu itaje kila mstari unapoingia. Nikakaa nikatazama majina yakipita. Mama yangu aliingia. Nilimwona kwa macho yangu, simu yake ile ninayoijua kwa moyo, akaingia kwenye safu ya samaki akakaa. Halafu, mistari michache baadaye, akaingia Maman Mapasa wa Bukavu, kwenye safu ileile, kwa jina lilelile. Na mama akawa hayupo.

Hivyo ndivyo ilivyo hashi. Kisanduku kimoja kinabeba kitu kimoja. Ukileta cha pili kwa ufunguo uleule, Perl haiulizi, hailalamiki, haikohoi. Inamtoa wa kwanza na kumweka wa pili, kisha inaendelea na safari. Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Nilicheka peke yangu ofisini. Nilikuwa nimepata nafuu ya ajabu, kwa sababu lilikuwa kosa lisilo na mwenyewe. Tena nilikumbuka lilikotoka: yule mama wa Bukavu alikuwa kwenye maharagwe miaka yote, na msimu huu alihamia samaki. Maman Mapasa wawili walikutana kwenye kabati moja kwa mara ya kwanza, na kabati halikuwa na adabu ya kuwapokea wote. Heshima yetu wenyewe ndiyo iliyotuponza. Niambie watu gani wengine duniani wangefanya kosa kama hilo, kumnyima mama meza kwa sababu ya kukataa kumvunjia heshima!

Nilishika simu nimpigie rafiki yangu nimwambie. Nilikuwa na furaha, na furaha yangu yote ya kazi nilizoea kuimimina kwake kwanza. Isitoshe, yule mama wa Bukavu alikuwa mamamkwe wake. Tungecheka: mamamkwe wako amemkalia mama yangu kichwani!

Ndipo kitu kikanizuia, kidogo tu. Mama wa Bukavu ni mwanachama wa zamani kuliko mama yangu. Alikuwemo chama kikianza. Na swali letu kwa hifadhidata huleta wanachama kwa mpangilio wa nambari za uanachama, wa zamani kwanza. Maana yake mama wa Bukavu alipaswa kuingia kabatini mapema, na mama yangu amfuate. Aliyepaswa kupotea alikuwa yule wa Bukavu. Kwa nini mama yangu alitangulia?

Nikafungua lile swali lenyewe. Mimi huandika maswali ya hifadhidata kwa herufi ndogo, kwa sababu herufi kubwa zinanipigia kelele. Rafiki yangu huandika kwa herufi kubwa. Tumetaniana juu ya hilo tangu darasani. Mwishoni mwa swali, pale nilipokuwa nimeandika mwenyewe kwa herufi ndogo kwamba wapangwe kwa nambari, mstari wangu haukuwepo. Palikuwa na huu:

ORDER BY watoto_hai

Watoto hai ni safu moja ya hifadhidata yetu. Chama hutoa msaada wa uzazi na wa mazishi, kwa hiyo kimeandika kila mwanachama ana watoto wangapi walio hai. Mama wa Bukavu ana sita, na mapasa wake ni wanaume warefu wanaoendesha malori. Mama yangu ana mmoja. Wapange akina mama kwa watoto walio hai, wachache kwanza kama mstari huo unavyoagiza, na yeyote utakayemweka naye kisanduku kimoja, mama yangu atatangulia kuingia na atatangulia kutolewa. Kosa la ufunguo lilikuwa halina mwenyewe. Mstari huu ulikuwa na mwenyewe, na nilimjua kwa herufi zake.

Sikulia. Nilifunga kompyuta nikaenda nyumbani, nikamwambia mama nimeshaona kosa na kesho litaondoka, na sikumwambia zaidi.

Kesho yake nilimngoja mpakani. Sikutaka kumwona ofisini, pale alipoweka mkono begani kwangu. Wabebaji walikuwa wanapanda na magunia kichwani, wanapiga kelele watu wapishe, na mama mmoja wa Butare aliyeshusha karoti alikuwa anagombana na mtu kuhusu kamba. Rafiki yangu alitokea kwenye foleni akaniona kabla sijamwita. Alipunguza mwendo.

"Umeiona," akasema.

"Nimeiona."

Tulisogea pembeni, karibu na wanaobadilisha fedha. Alianza kueleza haraka, kana kwamba alikuwa amefanya mazoezi njiani. Siku ya kuchapa orodha alikuwa peke yake ofisini, mimi nilikuwa Nyakabuye kuandikisha wanachama wapya. Alifanya jaribio, akaona mamamkwe wake hayumo.

"Nikatazama, nikaelewa palepale," akasema. "Ya maman yako ilikuwa inafunika ya mamamkwe wangu. Komite ilikuwa inangoja liste, mwenyekiti alikuwa ameketi pale ku kiti yako. Nikawaza, ule maman akikosa meza, mie nitarudilia wapi? Unajua vile niko ku ile nyumba. Sijazala. Kila siku ananiita mugeni. Njo nikageuza mupango. Maneno tatu tu."

"Ungebadilisha ufunguo. Ungeweka nambari. Wangeingia wote wawili."

"Ilikuwa kazi ya siku muzima."

"Ungenipigia simu."

Mbebaji mmoja alipita kati yetu na gunia la unga, tukapisha, tukarudi tulipokuwa.

"Wako atakasirika," akasema, "kisha atakusamehe. Ni mama yako. Wangu haweze kunisamehe. Mie nilihesabu vile."

Nilimtazama. Nilitaka sana awe mjinga, kwa sababu mjinga unaweza kumsamehe. Hakuwa mjinga. Alikuwa amepima upendo wa mama yangu, akaona ni mwingi, akaona unaweza kukatwa kipande. Na mashauri yote ya jana, nafasi zisizoonekana, herufi za Kifaransa, zima uwashe, alikuwa ananitembeza mbali na mlango aliousimamia mwenyewe.

Lilibaki swali moja, nalo ndilo lililonileta mpakani.

"Kuna njia ngapi za kupanga watu," nikamwuliza. "Tarehe waliyoingia. Simu. Mtaa. Ungegeuza nambari tu zianzie nyuma, ingetosha. Kwa nini watoto hai?"

Alitazama chini. Alipojibu sauti yake ilikuwa ndogo, na naamini ilikuwa kweli tupu, kweli pekee aliyonipa siku mbili zile.

"Sababu njo ile nilikuwa najua bila kuangalia."

Alianza kulia. Machozi yake yaliniudhi kuliko maneno. Mtu akikukanyaga asikupe tena kazi ya kumbembeleza. Nilimwacha pale na wabadilisha fedha, nikapanda kilima kwa miguu.

Ofisini nilibadilisha ufunguo. Nambari ya uanachama ikawa jina la kisanduku, na jina la heshima likaingia ndani, likisomwa kwa sauti kama zamani, ila halimkalii tena mtu. Akina mama hawangeona tofauti yoyote. Haikuwa kazi ya siku nzima. Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa nimemaliza, nimejaribu, nimemwaga kabati lote tena. Kwenye safu ya samaki walikaa Maman Mapasa wawili, mmoja na simu yake ya Kamembe, mwingine na simu yake ya Bukavu. Programu ikazunguka ikagawa meza. Meza zilitosha. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, zaidi ya herufi zile kubwa. Kulikuwa na meza ya kila mmoja wao tangu mwanzo, na zikafuatana, ukuta mmoja. Hakuna aliyehitaji kutolewa.

Nilimpelekea mwenyekiti orodha mpya. Akaisoma yote, akakunja, akasema kwa uso uleule wa jana, "Masini imesema." Jumamosi mama alipewa ufunguo wake. Maman Mapasa wa Bukavu alimsaidia kuinua beseni, wakacheka kwamba mashine haijui kuhesabu mapasa. Rafiki yangu hakuja. Alituma ujumbe kwa komite kwamba anaumwa, na baadaye nikasikia amepata kazi upande wa pili.

Jumamosi hiyo mama alifunga meza mapema akapika. Alipika sambaza wabichi kwa nyanya na pilipili, sombe ya majani ya muhogo, na bugali wa muhogo laini. Alikuwa anaimba, jambo asilolifanya. Akatandika mkeka, akaweka sahani mbili za ua jekundu, akapakua moja, akapakua ya pili sawasawa na ya kwanza, kipande kwa kipande.

"Na mwenzako?" akaniuliza. "Mupigie. Najua njo alikusaidia kukosoa ile masini. Aje akule, chakula kisipoe."

Nilikuwa nimepanga kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: anaumwa, mvua, foleni. Lakini nilitazama ile sahani ya pili na mvuke wake, nikashindwa kuidanganyia. Nikamwambia. Nilimweleza kabati, jina moja la watu wawili, anayekuja mwisho ndiye anayebaki. Alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Kisha nikamweleza mstari, na safu ya watoto hai, na alichonijibu mpakani nilipomwuliza kwa nini ile.

Mama alikuwa bado ameshika mwiko. Nilingoja amlaani, au aniambie nisamehe, maana ni mtu wa kusamehe, na rafiki yangu alikuwa amehesabu sawa kuhusu hilo.

"Ile miaka yote," akasema mwishowe, "alikuwa anakula mu sahani ya mwenzako. Na mu kichwa yake alikuwa anamuhesabu mufu."

Akainama akachukua sahani ya pili. Akarudisha bugali kwenye chungu, akarudisha samaki, akakwangua mchuzi kwa mwiko. Akatoka nayo uani, nikasikia maji. Aliporudi ilikuwa imekaushwa, akaipandisha juu ya kabati, nyuma ya termosi ya chai, akaketi.

"Kula," akaniambia.

Nikala. Mkekani palikuwa na sahani moja.